Fremu ya Mfalme

Athanas alikuwa na mkono wa kupanga. Hata Eustace, mhariri, mtu ambaye ulimi wake haukujua kusifu, hakuwahi kubisha juu ya hilo. Mpe Athanas habari tano zisizofanana, tangazo la sabuni, bei ya pamba na picha mbili zilizofifia, naye atakurudishia ukurasa ambao mtu akiushika anatulia kwanza, anautazama, ndipo anaanza kusoma. Gazeti lenyewe lilikuwa dogo. Liliitwa Mkulima na Mchimbaji, lilikuwa na kurasa nne, na lilitoka mara mbili kwa mwezi katika jengo la mabati nyuma ya stesheni ya Shinyanga. Lakini kurasa hizo nne, tangu herufi ya kwanza hadi nukta ya mwisho, zilipita vidoleni mwake.

Alhamisi moja ya mwezi wa tatu, mwaka wa hamsini na nne, treni ya asubuhi ilileta bamba la picha la ukurasa wa kwanza. Athanas alilifungua kwenye karatasi yake, akalipangusa, akalielekeza dirishani. Uso ulikuwa wa kaka yake, Mihayo. Mihayo alikuwa ametimiza miaka kumi chini ya ardhi, katika mgodi mmoja upande wa Geita, bila kuumia hata kidole, na wakubwa wa mgodi walikuwa wamempa saa ya mkononi mbele ya watu. Katika picha ameinua mkono wenye saa kidogo, kama mtu anayeapa, na hacheki.

Jamani, furaha aliyokuwa nayo Athanas siku ile. Watu wa kwao Bugarama walizoea kuona katika gazeti sura za watemi, mapadri na wazungu wa kilimo. Leo mtoto wa Mageni angekaa pale juu, katikati. Akapanga kichwa cha habari kwa herufi kubwa kuliko zote alizokuwa nazo: MCHIMBAJI HODARI ATUNUKIWA SAA. Akapanga safu mbili za maneno huku na huku. Ikabaki fremu ya kuizunguka picha, na hapo ndipo alipokwama.

Fito nyembamba za madini ya risasi, zile zinazochora mstari mwembamba, zilikuwa zimeliwa pembeni kwa kutumika sana. Alipozijaribu, mstari ulitoka una mapengo kama ua la mabua ya mtama lililopitiwa na mbuzi. Akazitoa. Akarudia. Zikatoka vilevile. Kwenye saraka ya chini, katika kitambaa chenye mafuta, zilikuwapo fito nyingine, nene, nzima kabisa. Zililetwa mwaka juzi mfalme wa Waingereza alipokufa, na ukurasa mzima ukazungushiwa weusi. Tangu hapo zilitolewa mara mbili tu, kwa mtemi mmoja aliyefariki na kwa padri mzee. Athanas akazifungua. Ziling'aa.

Angejua mtu yeyote, tuseme kweli, hata mpiga kengele wa stesheni, kuwa weusi ule ulikuwa weusi wa msiba. Lakini Athanas alikuwa amekaa ndani ya kazi ile miaka minane. Yeye aliziona fito zile kwa jicho la fundi: zilikuwa nzuri, na waliowahi kukaa ndani yake walikuwa watu wakubwa. Mfalme, mtemi, padri, na sasa Mihayo. Isitoshe maneno yalikuwapo pale chini, meusi juu ya meupe, yanasema saa, yanasema hongera. Mtu aliyezoea kusoma husahau upesi kwamba wengine wanatazama tu.

Eustace alikuja na miwani yake kwenye paji la uso, akaitazama nakala ya majaribio, akauliza kama fremu ile si nzito mno. Athanas akajibu kuwa inashika jicho. Nje, dereva wa lori la Kahama alikuwa ameshaanza kupiga honi, na mhariri akaitazama saa ya ukutani.

"Haya," akasema. "Piga."

Wakapiga nakala mia sita.

* * *

Jumatano iliyofuata, kabla ya saa nne, mzee mmoja aitwaye Akida aliingia kiwandani. Akida alikuwa na duka Segese, la chumvi, nguo na mafuta ya taa, na kila mwezi alikuja Shinyanga kununua bidhaa. Alivua kofia mlangoni. Alimkuta Athanas amesimama mbele ya meza yake, mikono myeusi kwa wino, anapiga mluzi.

Akida akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayezuia hasira, "Pole na msiba, bwana Athanas."

Athanas akauliza msiba gani.

Mzee yule akamtazama. Alikuwa amekuja na pole yake na shilingi tano za rambirambi ndani ya leso, na hakutegemea kumkuta mfiwa anapiga mluzi. Akamwambia taratibu kwamba kaka yake amefariki mgodini, kwamba huko Bugarama watu wamelia tangu Jumamosi, kwamba mama yao amenyolewa nywele. Athanas akaketi juu ya debe la wino. Kwa muda ule, Mungu amsamehe, aliamini. Aliuona mgodi umeporomoka na Mihayo chini yake, na machozi yakamtoka pale pale mbele ya mgeni.

"Nani aliyewaletea habari?" akauliza.

"Si ninyi wenyewe?" Akida akasema. Akatoa ndani ya kanzu gazeti lililokunjwa mara nne, akalikunjua juu ya meza. Mihayo na saa yake, ndani ya weusi mpana wa vidole viwili.

Athanas aliutazama ukurasa wake mwenyewe. Akautazama kana kwamba umepangwa na mtu mwingine. Kisha akamsomea Akida kichwa cha habari, neno kwa neno, na Akida akashika ndevu zake. Yeye alisoma vizuri kwa herufi za Kiarabu, hizi za kizungu zilimpiga chenga. Magazeti alinunua kwa uzito, ya kufungia chumvi, naye alikuwa wa kwanza pale Segese kuiona picha. Akamtambua Mihayo, akauona weusi, akawapelekea watu wa Bugarama habari kama jirani mwema. Katekista wao, ambaye angeweza kuwasomea, alikuwa amekwenda misheni kwa mafungo ya Kwaresima. Hakuna aliyeuliza maneno yanasema nini. Mfalme alikuwa ndani ya fremu ile, na mfalme alikufa, mtemi vilevile.

"Mama yangu yuko wapi sasa?" Athanas akauliza.

Akida hakumtazama. Akasema kuwa mama na mkaza mwana wake, Limi, mke wa Mihayo, waliondoka Jumatatu kwa miguu kwenda Geita kuufuata mwili. Walisema hawawezi kuacha wageni wamfukie kama mzoga. Yeye mwenyewe ndiye aliyewauzia sanda, na akawapunguzia bei.

Limi alikuwa na mimba ya miezi minane. Ilikuwa mimba ya kwanza kukaa, baada ya miaka sita ya ndoa na maneno ya watu. Na mvua za masika zilikuwa zinanyesha kila siku.

* * *

Lori la Kahama lilikuwa linaondoka saa sita. Athanas alikwenda kwa Eustace akiwa amekunja mikono nyuma, kama anavyosimama mtu anayeomba ruhusa, akamweleza yote. Eustace alisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya, tusimsingizie. Uso ulimbadilika aliposikia habari ya mimba. Lakini juu ya meza yake ilikuwapo barua ya mkuu wa idara: mgeni mkubwa kutoka Dar es Salaam anakuja kukagua wilaya, na ukurasa wa kwanza wenye picha yake ulitakiwa kuonwa na wakubwa jioni ile ile. Hakuna mwingine aliyeweza kuupanga.

Akamwambia apange kwanza, kisha aende, apewe hata siku tano. Athanas akaomba basi ofisi ipeleke simu ya maandishi mgodini. Eustace akasema simu za ofisi si za mambo ya nyumbani, na akainama tena juu ya barua.

Athanas alikimbia hadi posta kwa hela yake. Karani wa simu, kijana aliyevaa tai, alisoma karatasi: MIHAYO MAMA NA LIMI WAKO NJIANI WANADHANI UMEKUFA WAWAHI. Akacheka. Akauliza mbele ya watu waliopanga foleni kama siku hizi maiti nao wanapelekewa simu. Wawili watatu wakacheka pia. Athanas akalipa bila kusema neno, akarudi kiwandani.

Akampanga yule mgeni mkubwa. Herufi zikamwanguka mara mbili akazikusanya sakafuni kwa magoti. Lori lilipita dirishani saa sita na robo, na yeye alikuwa bado kwenye safu ya pili, mahali palipoandikwa vyeo vya mgeni. Kazi ilikwisha saa kumi. Eustace aliutazama ukurasa, akasema umetulia sana.

Aliondoka Alhamisi alfajiri kwa lori jingine.

* * *

Barabara ilikuwa tope tupu. Walilala Kahama kwa sababu ya daraja lililofunikwa na maji, wakapita Segese Ijumaa asubuhi, na Bugarama Athanas hakushuka. Kila penye watu alimwomba dereva asimame akauliza: mmewaona wanawake wawili, mmoja mzee kanyolewa, mmoja mjamzito? Waliwaona. Walipita jana kutwa. Hapana, juzi. Yule mdogo alikuwa akikaa chini kila hatua mia. Mtu mmoja akasema walipewa uji hapa, na yule mzee alikuwa amebeba kitambaa cheupe kichwani, hataki kukitua.

Maili kumi na nane kupita Bugarama, mwanamke mmoja alikuwa amesimama kando ya barabara anapunga mkono. Aliitwa Apolonia, mjane mwenye nyumba ya pekee yake na migomba michache. Hakuuliza Athanas ni nani. "Wewe ni mtoto wa yule mama," akasema. "Mnafanana macho." Akaenda mbele, naye akamfuata.

Mama alikuwa ameketi ukutani, chini ya upenu, kichwa cheupe kwa kunyolewa. Alipomwona mtoto wake akaanza kulia, sauti imekwisha, inatoka kama pumzi tu. Athanas akapiga magoti, akamwamkia shikamoo.

"Umekuja kuzika," mama akasema. "Umechelewa. Kaka yako bado hatujamfikia. Mtoto wake tumemzika leo asubuhi."

Athanas alibaki amepiga magoti. Mama akaendelea kusema kwa sauti ile ile iliyoisha. Limi alishikwa na uchungu Jumatano jioni, mvua inanyesha. Alijifungua Alhamisi kabla ya mapambazuko, mtoto wa kiume. Mtoto alilia mara mbili. Alikaa nao mpaka jua la alasiri, kisha akaacha kupumua. Kama kungekuwa na gari la kumpeleka hospitali, alisema Apolonia, lakini Alhamisi halikupita gari hata moja. Walichana kipande kwenye sanda ya Mihayo, kikatosha.

"Mama," Athanas akasema. "Mihayo yuko hai."

Mzee yule akamtazama, akampiga kofi. Akamwambia asimchezee. Athanas akatoa gazeti mfukoni, akalikunjua magotini, akasoma kuanzia kichwa cha habari. Akasoma jina la kaka yake, miaka kumi, saa ya mkononi, maneno ya bwana mkubwa wa mgodi. Mama akamwambia asome tena. Akasoma tena. Apolonia akaja akasimama nyuma yao, mikono kiunoni.

"Basi ule weusi ni wa nini?" mama akauliza.

Hapo ndipo Athanas alipopotoka mara ya pili. Angeweza kusema. Alifungua kinywa, akaona kichwa cha mama yake, akasema tu kuwa ni mambo ya kiwandani. Ya mashine.

"Wazungu," akasema Apolonia, kwa uhakika kamili. "Wao hawajali uso wa mtu."

Mama akatikisa kichwa kukubali. Athanas alilikunja gazeti taratibu, kwa mikunjo ile ile.

Ndani, mlango ukiwa wazi, Limi alikuwa amelala kwenye mkeka amewaelekea. Walidhani amelala usingizi. Alikuwa amesikia kila neno. Alisema bila kuinua kichwa, "Kumbe niliyekuwa namfuata yuko hai. Na niliyekuwa naye nimemzika."

Apolonia akaenda kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

* * *

Mihayo alifika saa tisa kwa baiskeli ya kuazima, tope limempanda hadi kifuani. Simu aliipata Alhamisi jioni alipotoka chini, na asubuhi akaondoka bila kupewa ruhusa. Mama alimwendea akamgusa uso, akambonyeza mabega, akamshika mkono wenye saa, kisha akaketi chini katikati ya uwanja na kukataa kuinuka. Mihayo alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka na njia. Halafu akaona kitambaa cheupe kilichochanwa upande mmoja kimening'inia kwenye kamba. Akauliza Limi yuko wapi, na alipokuwa akiuliza akaona kifusi kidogo chini ya mgomba.

Aliingia ndani. Alikaa kwenye sakafu karibu na mkewe kwa muda mrefu, mgongo ukutani. Athanas na mama wakaingia nyuma yake, na Apolonia akasimama mlangoni. Mihayo hakulia. Alikuwa akizungusha kamba ya saa kwenye mkono, akizungusha na kuzungusha, na hatimaye akauliza swali ambalo mwanamume yeyote angeuliza. Nani aliyewaambia amekufa?

"Gazeti," akasema Apolonia.

"Gazeti gani?" Akaingiza mkono ndani ya shati. Lilikuwa limefungwa kwenye kitambaa ili lisilowe. Alikuwa nalo tangu Jumatatu, alikuwa amewaonyesha wenzake wa zamu zote tatu. "Hili? Hili ni la sifa, mama. Hili amelipanga Athanas mwenyewe, kwa mikono yake. Niliwaambia kambini kote, huu ni mkono wa mdogo wangu."

Mihayo akawatazama mmoja mmoja, bila kuelewa amesema nini. Mama alikuwa ameliinamia gazeti, vidole juu ya weusi ule, akifuata pembe baada ya pembe.

Limi aligeuka. Ilimchukua muda, kwa kuwa alikuwa na maumivu. Akamtazama Athanas, na uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa wa mtu anayetaka kujua njia ilipokatika.

"Shemeji. Wewe ndiye uliyeweka weusi huu?"

"Mimi," akasema Athanas.

"Kwa nini?"

Aliyatafuta majibu. Fito nyembamba zilikuwa zimeliwa. Lori lilikuwa linapiga honi. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililokuwa jibu.

"Niliona inapendeza," akasema.

Limi akageukia ukuta. Mihayo alilikunja gazeti, akalirudisha kwenye kitambaa, akatoka nje nalo, na hawakumwona tena mpaka jua lilipokuwa linatua. Siku ile hakumsemesha mdogo wake. Wala siku iliyofuata.

* * *

Athanas alirudi Shinyanga na jambo moja kichwani. Alimwendea Eustace kabla hata hajavua koti. Alitaka picha ya Mihayo irudiwe ukurasa wa kwanza, mahali pale pale, kwa ukubwa ule ule, bila fremu yoyote. Alieleza kwamba watu waliodanganywa hawakudanganywa na maneno, kwa hiyo hawawezi kusahihishwa kwa maneno. Pale Segese wanawake bado walikuwa wanafunika midomo, kama walioona mzuka, Mihayo anapopita sokoni. Inabidi waone.

Eustace alivua miwani. Alisema pole, na ilikuwa pole ya kweli. Alikuwa hajalala vizuri tangu asikie. Lakini ukurasa wa kwanza alikuwapo mgeni mkubwa, na ukurasa wa pili maonyesho ya kilimo, na picha moja haipigwi mara mbili. Masahihisho yana mahali pake, ukurasa wa nne, chini. Akaandika mwenyewe kwa penseli mistari mitatu, akamkabidhi.

Athanas alisoma. Akauliza kama anaweza kuongeza mstari mmoja, juu ya mtoto.

"Gazeti haliandiki mambo ya uzazi wa watu," Eustace akasema. "Tena hakuwa hata na jina."

"Alilia mara mbili."

Mhariri akavaa miwani yake tena. Akasema nafasi haipo, na alisema kweli. Ukurasa wa nne ulikuwa umejaa tangazo la sabuni kutoka pembe hadi pembe, sanduku zima, na mwanamke mnene anayecheka. Chini yake ilibaki nafasi ya unene wa kidole. Athanas alishusha trei ya herufi ndogo kuliko zote, zile za kuandikia anwani ya mchapaji, akaanza kuokota moja moja. Ilimchukua dakika ishirini. Alipomaliza alipima kwa ukucha, akaona imekaa sawa, akafunga ukurasa. Zikapigwa nakala mia sita.

* * *

Mwezi wa tano, mtama ukiwa umesimama, alipata ruhusa akaenda Bugarama. Mihayo alikuwa amerudi mgodini. Saa aliiacha nyumbani, imetundikwa kwenye msumari juu ya kitanda cha mama, inasema taki taki, na katika nyumba ile hakuna aliyejua kuisoma. Nywele za mama zilikuwa zimeota tena, fupi, nyeupe. Alimpokea mtoto wake, akamwuliza habari za njia, akamwambia amekonda.

Limi alikuwa jikoni. Hakumfukuza. Alimwamkia kwa heshima kama inavyopasa, akamsogezea kigoda, akarudi kwenye chungu chake. Kama alikuwa na neno kwa Athanas alimwambia mama, na mama akalisogeza. Hivyo ndivyo walivyokaa karibu saa nzima, na Athanas akitazama mikono ya shemeji yake inavyochambua mlenda.

Kisha Limi akachukua chumvi. Ilikuwa imefungwa kwenye karatasi ya gazeti, kama chumvi yote ya dukani kwa Akida. Alipoifungua Athanas aliuona kwanza mdomo wa yule mwanamke wa sabuni. Akaijua karatasi kabla hajaijua sababu. Bila shaka alishtuka, maana Limi aliinua macho, na kwa mara ya kwanza tangu nyumba ya Apolonia akamsemesha moja kwa moja.

"Kuna nini hapa?"

"Masahihisho," akasema. "Ya picha ile."

"Yako wapi?"

Akanyoosha kidole. Limi aliinama sana. Alikuwa ameitazama karatasi ile tangu juzi, alikuwa amechota chumvi humo mara nne, na pale alipoonyeshwa alidhani ni uchafu wa mashine. Akamwambia amsomee.

Athanas akasoma. Fremu ya picha iliyotokea ukurasa wa kwanza wa toleo lililopita haikuwa na maana ya msiba. Mhusika yu mzima. Tunaomba radhi kwa usumbufu.

"Ndiyo yote?"

"Ndiyo yote."

Limi akalaza kidole chake juu ya maandishi. Yakafunikwa yote, ikabaki nafasi kidogo pembeni. Alikaa hivyo, kidole juu ya karatasi, na chungu kikianza kuchemka.

"Na mtoto yuko wapi hapo?"

"Hayumo," Athanas akasema.

Akatikisa kichwa, polepole, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu ambacho hakuwa na nia ya kukinunua. Akakung'uta chumvi iliyobaki kwenye kibuyu, hata punje moja haikupotea. Akaikunja karatasi, akaisukuma kati ya mafiga, akapuliza hadi ikashika. Alipoinuka alimwambia mama amkaribishe mgeni maji ya kunawa, kwa kuwa chakula kilikuwa tayari.